Muulize Mhandisi: Je, mikono yangu ya ufundi bado ina kazi?

SWALI: Shikamoo dada mhandisi. Mimi ni fundi umeme wa magari, huu ni mwaka wangu wa nne, na nina stashahada ya umeme. Ndoto yangu ni kuwa mhandisi mwandamizi wa mifumo ya umeme kwenye mbio za magari, kama wewe. Wenzangu wananiambia siku hizi kazi hiyo ni kompyuta tupu, ufundi wa mikono hauna nafasi. Ni kweli? Halafu, ni kweli umeme wa magari hayo unaua?
Fundi mwenye hamu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wameona nusu ya kazi. Ngoja nikusimulie hitilafu iliyonifundisha nusu ya pili.

Nilikuwa bado mhandisi mdogo. Gari letu lilikuwa likipoteza data ya kasi ya gurudumu la mbele kushoto, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kisha inarudi. Likiingia karakanani, kila kitu kizima. Nilibadilisha sensa mara mbili, nikabadilisha na kisanduku kinachopokea data, na bado. Mhandisi mwandamizi wetu, mzee mpole, akaniambia niweke mchoro wa kasi ya gurudumu juu ya mchoro wa pembe ya usukani. Nikaweka. Data ilikuwa ikikatika kila mara usukani ukikatwa sana kulia, na hapo tu. Sisi karakanani tulikuwa tunapima matairi yakiwa yamenyooka!

Mzee akamwomba fundi azungushe usukani hadi mwisho, yeye akapiga magoti na kuushika waya wa sensa kwa vidole viwili. Akausikia ukivutika. Aliyeufunga hakuuachia ulegevu wa kutosha, basi kila kona ya kulia ilikuwa inauvuta pale unapoingia kwenye soketi. Tulipoufungua, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika ndani, ganda la nje zima kabisa. Kompyuta ilituambia ni lini, vidole vikatuambia ni wapi. Mpaka leo nikiajiri mtu namtazama kwanza anavyoshika waya.

Kwa hiyo miaka yako minne usiidharau, ila kuna mazoea utakayoyaacha. Lehemu, kwa mfano. Kwenye wayaringi ya gari la mbio tunapendelea kubana ncha kwa koleo lake maalumu, kwa sababu lehemu hupanda katikati ya nyuzi na kuzigeuza kijiti kigumu, na mtetemo hukivunja pale ugumu unapoishia. Jifunze pia mtandao wa CAN, unaopitisha data kati ya vifaa vya gari, hadi uuote. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una rezista ya omu 120. Zima umeme, pima kati ya nyaya hizo mbili: unatakiwa kupata karibu omu 60. Ukipata 120, rezista moja haifikiwi, pengine waya umekatika njiani. Kipimo cha sekunde chache, na kimeniokolea usiku mzima zaidi ya mara moja.

Kuhusu kuua: ndiyo, unaweza kuua, na hapa sitaki unisome haraka. Mfumo wa kurejesha nishati, unaogeuza nishati ya breki kuwa umeme, ulipoingia Formula 1 mwaka 2009 ulikuwa na nguvu ya kilowati 60. Mwaka 2014 mota inayosaidia kusukuma magurudumu ikawa na kilowati 120, na kwa kanuni za 2026 ni 350. Betri ya mfumo huo ina volti za mamia. Ndiyo maana gari lina taa ya hali ya umeme: ikiwa si ya kijani, hakuna anayeligusa, na dereva hufundishwa kuruka mbali, asikanyage chini huku mkono ungali kwenye gari. Kwenye timu yangu, kabla ya kufungua chochote chenye nyaya za rangi ya chungwa, yaani za umeme mkubwa, tunatenganisha betri, tunasubiri, tunavaa glavu za mpira, kisha tunapima. Na mita yenyewe tunaijaribu kwanza kwenye umeme tunaoujua, na tena baada ya kupima, maana mita mbovu nayo husoma sifuri.

Uandamizi wenyewe ni saini. Wewe ndiye unayesema gari litoke au lisitoke, dereva akiwa ameshafunga mkanda na kila mtu anakutazama. Nimewahi kusema lisitoke kwa sababu ya usomaji mmoja ulioshuka wa ukinzani wa ganda la nyaya, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje. Tulikosa muda wa mazoezi, na leo ningesema vilevile.

Njia yako: stashahada ikuvushe hadi shahada, na utafute chuo chenye timu ya Formula Student, ambako wanafunzi hubuni na kujenga gari lao wenyewe, likiwemo la umeme. Omba kazi ya wayaringi, hata kama wengine wote wanaikimbilia programu. Na kuanzia kesho, gari lolote likikujia na hitilafu inayokuja na kuondoka, andika kwenye daftari ilitokea likiwa linafanya nini, kabla hujabadilisha kifaa chochote. Ukiniandikia tena, nitumie kurasa chache za daftari hilo.