Re: Euro 6,000 zinatosha kwa VW T3 la kulala?

Salaam ndugu. Umeuliza kama euro 6,000 zinatosha kwa T3, lile basi dogo la Volkswagen, la 1988 lenye vitanda, hapo Ujerumani. Kununua, huenda, kulitunza, hapana. Langu lilinila karibu nusu ya bei yake mwaka wa kwanza, nyingi zikiwa za kuchomelea.

Anza na kutu. Pitisha kidole kwenye maungio ya mabati. Rangi ikivimba kama upele, ndani kumeshaoza. Kisha mipira ya petroli: ikiwa imekakamaa au ina nyufa, badilisha yote kabla ya kuwasha, maana petroli ikidondokea injini ya moto gari linaungua, nawe umelala humo na watoto!

Kodi isikutishe: likipata namba ya H, ile ya magari ya kale, ni kama euro 191 kwa mwaka. Dai karatasi ya mwisho ya TÜV, yaani ukaguzi wa usalama wa gari, kabla hujatoa hata senti.