Mnaoanza kazi ya kuchagua watoto wa vipawa, someni hii kabla hamjabeba fomu

Assalaam alaykum wadogo zangu mliojiunga mwaka huu. Nimeona wengi wenu mmetoka chuo kikuu cha SUZA juzi juzi na wengine walimu wapya, mna moto, kila mmoja anataka kutafuta vichwa vya hesabu na sayansi vya kuingia kambi. Mie nimo humu mwaka wa saba sasa na makosa nimeyafanya mengi, bora niwape yangu msije mkayarudia.

Mwaka wangu wa mwanzo tulibandika tangazo Instagram na kwenye magrupu ya wasap, fomu inajazwa onlaini, mtihani Jumamosi saa tatu asubuhi, kituo kimoja hapa mjini na chengine Chake kule Pemba. Tukajisifu kweli, mlango uko wazi kwa kila mtoto wa Zanzibar. Majina yalipotoka ikawa Mjini Magharibi tupu, ukitoa wawili watatu wa Wete na Chake, na hao nao mmoja mtoto wa mwalimu mmoja mtoto wa daktari. Kojani hamna, Micheweni hamna, Tumbatu hamna, na pwani yote ya mashariki Unguja hakuna hata mtoto wa kike mmoja. Mkubwa mmoja kwenye kikao akasema basi huko hawajafikia kiwango. Nami nikanyamaza, na mie mzaliwa wa Micheweni! Hilo mpaka leo linaniuma.

Baada ya wiki mbili nikashuka Jambiani kwa shughuli zangu, nikamkuta mama mmoja anaanika mwani, nikamuamkia shikamoo, tukazungumza, nikamuuliza mbona binti zenu hawakuja mtihani na walimu wao wanawasifu. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgeni. "Mwanangu, siku ile si ilikuwa bamvu? Saa nne bahari kavu, sote tuko kwenye mwani, yeye ndo ananisaidia kufunga kamba. Mngeweka maji mafu ningemleta mwenyewe." Yani tulichagua tarehe kwa kuangalia Jumamosi gani ukumbi uko wazi, bahari hatukuiuliza. Kwa mtu wa mjini bamvu, siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, ni neno tu, na maji mafu ndo kinyume chake, kwa mama yule ndo kalenda ya mshahara, maji yakikupwa sana asipoteremka amekosa wiki mbili nzima.

Kwahivyo la mwanzo kabisa ni tarehe. Angalieni mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo bamvu, epukeni siku hizo. Pemba angalieni karafuu, msimu ukipamba moto watoto wako mikarafuuni na wengine wanaokota chini ya miti, usitegemee mtu. Kojani na visiwa vyengine ulizeni habari za dago, yani kambi za wavuvi, kuna familia zinahama na wavuvi na mtoto hayupo skuli wala nyumbani. Ramadhani msiguse. Na kama mnakwenda kisiwa cha Uzi ulizeni njia kwanza, miaka yangu ya mwanzo maji yakijaa ile njia ya mikokoni huvuki, tulikaa upande wa pili na mabegi ya karatasi za mtihani mpaka jua likatutia wazimu.

Fomu ya onlaini ifuteni vichwani. Si kwamba shamba hakuna simu, simu zipo, lakini fomu inataka imeili, inataka picha ya cheti cha kuzaliwa, na simu yenyewe ya baba yuko nayo dagoni. Chukueni karatasi, mpelekeeni sheha mkononi, mpelekeeni mwalimu mkuu, ombeni itangazwe msikitini baada ya Ijumaa, wekeni tangazo redioni wakati akina mama wanapika. Tangazo la wasap linawafika wale wale ambao wangejua hata msingetangaza.

Sasa hapa kuna mtego, na wageni wote wanaingia. Ukimwambia mwalimu nichagulie watano bora, atakupa watoto watulivu wenye madaftari masafi na sare iliyopigwa pasi. Simlaumu, darasa lake lina watoto mpaka mlangoni, atamjua vipi yule anaekaa nyuma hasemi kitu au yule mtundu anaemaliza hesabu mapema afu anachokoza wenzake? Huko Marekani kuna wilaya moja ya Florida inaitwa Broward, zamani walikuwa wakisubiri mwalimu au mzazi ampendekeze mtoto ndo apimwe, mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Wachumi wawili, David Card na Laura Giuliano, wakaifatilia ile habari, wakakuta watoto masikini na weusi na wenye asili ya Kilatino wanaoingia madarasa ya vipawa wameongezeka sana, na walikuwepo darasani siku zote, hakuna alieletwa na meli. Baadae bajeti ikakatwa, upimaji ule ukasimama, na tofauti ikarudi. Tangu nisome hayo siombi tena watano bora. Tukifika skuli tunapima darasa zima, dakika arubaini, hata yule ambaye mwalimu anasema huyu muacheni.

Maswali nayo. Tulikuwa na swali la kipi hakimo kwenye kundi, picha nne, ngalawa, dau, mashua, mtumbwi. Alielitunga ni kijana wa Michenzani na jibu lake mtumbwi, kwa sababu hauna tanga. Mtoto mmoja wa Kojani akaandika ngalawa, kwa sababu ndo peke yake yenye matengo ubavuni, akaongeza na mistari miwili kwa nini bila matengo inapinduka. Tukampa sifuri! Nilikuja kuiona karatasi ile kwa bahati wakati wa kufunga mafaili. Tangu siku hiyo kila swali lina pahala pa kuandika sababu, na msahihishaji analipwa kusoma sababu, si kutia vema na kosa tu. Na swali la hesabu liandikeni Kiswahili, tunapima hesabu, Kiingereza atajifunza kambini.

Haya, muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako. Hili mtalipata wiki ya kwanza tu. Simu itapigwa, si na mtu mbaya, ni ami yako, au mwalimu aliekusomesha, au jirani aliewauguza kwenu, atakwambia yule mtoto wetu muangalie angalie. Hakukwambia fanya wizi. Na wewe kukataa ni muhali. Mie sina ujasiri huo wa kumwambia ami yangu hapana, nakwambieni ukweli, kwahivyo tukaweka utaratibu wa kunilinda na roho yangu mwenyewe, karatasi zina nambari hazina majina, za Unguja zinasahihishwa na watu wa Pemba na za Pemba na watu wa Unguja, na orodha ya majina anayo mtu mmoja ambaye hasahihishi. Akipiga ami namwambia wallahi sijui hata karatasi yake ipi, na ni kweli.

Mtoto wa kike akishafaulu kazi haijesha, bado nusu. Wazazi wengi shida yao si masomo, shida yao dakhalia, mtoto kulala bweni. Nendeni na mwalimu wa kike mtu mzima, mama atauliza nani analala nao, mlango unafungwa na nani, simu ya matroni ni ipi, mjibuni kila kitu bila ya kukasirika, na kama hamna majibu basi bado hamjawa tayari kumchukua mtoto wa mtu.

Mtaambiwa kwamba haya yote ni kushusha kiwango, mtihani mmoja kwa wote ndo haki. New York wana sheria tangu 1971, skuli zao kubwa za vipawa zinaingiwa kwa mtihani huo mmoja basi, na mwaka 2019 pale Stuyvesant, moja ya skuli hizo, nafasi 895 zilipotolewa watoto weusi walikuwa 7. Tusiwaseme vibaya waliopata, wengi wao ni watoto wa wahamiaji wa Asia, na wengine kwao hali ni duni, wazazi wamejikamua kulipa tusheni. Lakini huwezi kuniambia watoto weusi wa mji mzima ule wana vichwa saba tu. India kwenye skuli zao za bweni za Navodaya wanatenga nafasi si chini ya asilimia 75 kwa watoto wa vijijini, na theluthi ni za wasichana, mtihani upo na bado ni mgumu. Mie nipo upande huo, kila wilaya iwe na fungu lake halafu zinazobaki zigombaniwe na wote, kuna wenzangu ofisini hawakubali na tunabishana kila mwaka, nyinyi mtasikia pande zote mbili.

Wiki ya mwanzo kambini muwaangalie wa visiwani, mmoja alitaka kurudi kwao kwa sababu walimcheka anavyosema, Kipemba cha kwao ati. Mpeni mwenzake wa kutoka huko huko chumba kimoja.

Ratiba ya maji ya mwaka huu nishaibandika mlangoni kwa ndani, bamvu nimezizungushia duara nyekundu. Kikao cha tarehe ni Jumatatu, njooni mmeshaipitia.