Gari la kwanza la kijana: maswali yenu kuhusu mtumba na bima

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, barua za aina moja huongezeka. Mtoto ametimiza miaka 18, leseni daraja B ameipata, na nyumbani mjadala ni gari la bei nafuu la kuanzia. Safari hii nimejibu chache kwa pamoja kwa sababu zinashikana.

Nianze na msimamo wangu, maana utajirudia humu. Fedha ya gari la kijana igawanywe kabla hamjaenda kuliona gari: fungu la kununua, fungu la kulirekebisha, fungu la bima kubwa, ile inayolifunika hata gari lako. Wazazi wengi hufanya kinyume. Fedha yote inaishia kwa muuzaji, gari linatembelea tairi lililokuja nalo, na bima inakatwa ile ya bei ya chini kabisa. Kisha funguo anapewa dereva mwenye uzoefu mdogo kuliko wote nyumbani.

Binti yangu anaanza masomo Mlimani na atakuwa anatokea nyumbani, Kimara. Nina milioni 15. Wapo wanaonishauri Passo, wengine IST, mwenyewe anataka Vitz. Nichukue lipi? – Mama wa Kimara, Dar es Salaam

Mama, hongera kwa binti kupata chuo. Njia yake ya kila siku ni Barabara ya Morogoro, pamoja na malori na mabasi ya mikoani, na hilo ndilo la kufikiria kabla ya mafuta. Passo na Vitz zenye injini ya lita 1.0 hazili mafuta na vipuri vyake vimejaa kila duka. Lakini ni magari mepesi, Passo haifiki hata kilo 1,000, na gari jepesi likigongana na zito, walio kwenye jepesi ndio wanaoumia zaidi. Kati ya hayo matatu mimi ningechukua IST. Mkibahatika kupata Corolla Axio iliyotunzwa kwa fedha hiyo, ningeichukua Axio na kuiacha IST.

Ila hali ya gari moja moja ina uzito kuliko jina lake. IST iliyogongwa ikanyooshwa mtaani ni mbaya kuliko Passo ambayo haijawahi kuguswa. Kuna vitu viwili mnavyoweza kuvikagua wenyewe hata kabla ya kumwita fundi.

Cha kwanza ni taa za dashibodi. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha utazame. Taa ya mifuko ya hewa, yenye picha ya mtu na duara mbele yake, inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Ikiendelea kuwaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shituka zaidi: mara nyingi gari liligongwa, mifuko ikafumuka, na mtu akaona nafuu kuua taa kuliko kununua mifuko mingine. Taa ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki, ipimeni vivyo hivyo. Tafuteni pia kitufe au taa yenye picha ya gari linaloteleza. Huo ndio mfumo wa kulizuia gari lisiserereke, na gari lililo nao lina faida kubwa kwa dereva mgeni. Japani ilianza kuulazimisha kwenye modeli mpya za magari madogo mwaka 2012, kwa hiyo magari ya zamani zaidi mengi hayana, au ulikuwa wa kulipia zaidi.

Cha pili ni tairi. Ubavuni mwake pana tarakimu nne ndani ya kisanduku cha mviringo. Ikiandikwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzito na za kuvutia huku mpira wenyewe umeshachoka. Tairi lililopita miaka sita au saba lihesabuni kama gharama, na lishusheni kwenye bei.

Milioni 15 yako ningeigawa hivi: gari lisizidi milioni 12, milioni moja iende kwenye tairi, breki na shokapu, inayobaki ilipie bima kubwa na kubadilisha umiliki. Na mkanda, mama. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, hata wa viti vya nyuma. Mkanda ukikwama au ukiwa na alama ya tope upande wa ndani, gari hilo huenda liliingia maji. Liacheni hapo hapo.

Mwanangu wa kiume ana miaka 20. Ameniletea hoja kwamba Mark X siku hizi zimeshuka bei, nyingine zinauzwa sawa na IST. Hoja yake naiona ina mantiki. – Baba Neema, Arusha

Baba Neema, bei zimeshuka kwa sababu kulihudumia ni ghali, na hiyo ni nusu tu ya tatizo. Mark X ya lita 2.5 ina injini ya V6 yenye nguvu ya farasi 200 na zaidi, na nyingi kati yake husukumwa na tairi za nyuma. IST ya lita 1.5 ina takriban nusu ya nguvu hiyo. Kwenye lami iliyoloa, kijana wa miaka 20 akikanyaga mafuta katikati ya kona, sehemu ya nyuma inamkimbia, na kuirudisha ni ujuzi ambao bado hana. Mwambie asubiri. Jibu hilo hilo ni la Subaru yenye tabo na la Crown.

Noah nayo, ambayo wazazi huiona gari la watu wapole, siipendi kwa kijana. Ina nafasi ya watu saba au nane, na zitajaa. Dereva mchanga akibeba wenzake, kila anayeongezeka ni kelele, ni ushindani, ni mtu wa kuonyeshwa. Mwaka wa kwanza muwekee masharti ya abiria na ya usiku, na uyasimamie kama unavyosimamia ada.

Gari ni la bei ya chini. Kuna haja gani ya bima kubwa? Si nikate ndogo tu nisisumbuliwe na trafiki? – Msomaji wa Mwanza

Nimefanya kazi ya kupokea madai ya bima kwa miaka mingi, na swali hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu nimekaa na wazazi waliolipata jibu lake wakiwa wamechelewa.

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inamlipa yule uliyemgonga: majeraha yake, kifo, au mali yake. Gari lako hailigusi. Aliyekuwa anaendesha, yaani mwanao, matibabu yake hayamo. Kijana akiacha njia akagonga mti peke yake, hakuna mtu wa tatu na hakuna malipo. Bima kubwa inabeba hayo ya mtu wa tatu na kuongeza gari lako likigongwa, likiungua au likiibwa.

Bima ndogo ya gari binafsi ni kama shilingi 100,000 kwa mwaka kabla ya VAT. Bima kubwa kwa kawaida huhesabiwa kwa 3.5% ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 12 inakuwa shilingi 420,000, nayo kabla ya VAT. Tofauti ni shilingi 320,000 kwa mwaka mzima. Taa ya mbele, bampa na boneti vikienda kwa pamoja, fedha hiyo haitoshi.

Umesema gari ni la bei ya chini. Jiulize: likifa kesho, nitaweza kununua jingine bila kukopa? Kama unaweza, bima ndogo inakutosha, sitakulazimisha. Kama huwezi, wewe ndiye bima kubwa ilitengenezwa kwa ajili yako.

Sasa mambo matatu yanayowakwamisha watu kwenye madai. Mosi, thamani. Wengi hutaja thamani ndogo ili mchango, yaani ada ya bima, upungue. Gari la milioni 12 ukiliandika milioni 8, umelikatia bima theluthi mbili. Likipata hasara ya milioni 3, kampuni ina haki ya kukulipa milioni 2, na hapo bado eksesi, nitakayoieleza hapa chini, haijatolewa. Kulipandisha thamani nako hakusaidii, kwa sababu likifa kabisa unalipwa bei ya soko.

Pili, eksesi, kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Mikataba mingi ina eksesi ya nyongeza pale dereva anapokuwa na umri mdogo au leseni changa. Isome kabla ya kulipa. Muulize wakala kwa maneno haya: mwanangu wa miaka 19 mwenye leseni ya miezi minne akigonga, mimi nabeba kiasi gani? Akuonyeshe lilipoandikwa.

Tatu, ukweli. Fomu ya madai inauliza nani alikuwa akiendesha na leseni yake ilitolewa lini. Polisi nao wameandika ya kwao. Mzazi aliyeficha kwamba gari ni la mtoto, akajiandika yeye kama dereva wa kila siku, hapo ndipo maelezo yanapopishana. Taja mapema kwamba kijana ndiye mwendeshaji mkuu, hata kama mchango utapanda.

Ukishalipa, ingia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, uandike namba ya gari. Bima isipoonekana humo, usimkabidhi mtoto funguo, hata kama wakala amekupa risiti nzuri kiasi gani.

Mdogo wangu ana miaka 17 na anaendesha vizuri kunishinda. Akitumia gari langu kwenda dukani hapa hapa mtaani, bima yangu kubwa inamhusu? – Dada wa Morogoro

Hapana, dada. Asiye na leseni halali hayumo, na duka kuwa karibu hakubadilishi kitu. Gari lako halitatengenezwa, na hata pale ambapo aliyegongwa atalipwa, kampuni inaweza kukugeukia wewe irudishiwe fedha yake. Kosa la kumwachia usukani nalo ni lako.

Shikamoo. Nina miaka 19, nimeajiriwa, nataka kununua gari mkononi kwa fedha yangu. Dalali anasema lina kilometa 68,000 tu na kadi ataniletea baadaye. – Kijana wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Kilometa kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, usizitegemee. Tazama vinavyogusana na mwili: pedali ya breki iliyolika mpaka chuma, usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea. Gari la kilometa 68,000 haliwi hivyo. Kama liliagizwa Japani na mwenyewe alitunza karatasi ya mnada, iombe. Daraja R au RA maana yake liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiwe anayejuana na dalali, alipime kwa mashine na aliingie chini. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Andika pia namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa trafiki. Zipo gari zinazouzwa zikiwa na deni la makosa lukuki.

Kuhusu kadi, hakuna cha baadaye. Usitoe hata nusu ya fedha kabla hujamwona mwenye jina lililo kwenye kadi, kitambulisho chake mkononi, mkaandikishana mkataba na kupeleka uhamisho wa umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Bima ya mwenye gari wa zamani usiihesabu kuwa yako. Ilikatwa kwa jina lake na yeye ameshauza. Ukipata ajali huku kadi ina jina la mtu mwingine, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwamba wewe una haki gani juu ya gari hilo.

Sisi tuko Houston, Marekani. Mwanetu ametimiza miaka 16 na anataka kuendesha. Bima wameitaja bei iliyotutisha. Tumkatie ya kwake peke yake? – Mama Baraka

Mama Baraka, mwongezeni kwenye bima yenu. Ya peke yake kwa umri huo karibu siku zote ni ghali zaidi. Ulizeni punguzo la mwanafunzi mwenye wastani wa B na kuendelea, wengi wanalitoa na wengi hawaambiwi. Kima cha chini cha Texas, dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali, ni kidogo sana kwa gharama za hospitali za huko. Pandisheni hicho kwanza. Kama gari ni la bei ya chini sana na mnaweza kulibadilisha bila kukopa, punguzeni bima ya gari lenyewe. Msimfiche mtoto kwa kampuni ilhali anaishi nanyi na anaendesha.

Kwa gari, tafuteni la mwaka 2012 au baadaye, maana huko mfumo wa kuzuia kuserereka ulikuwa lazima kwa magari yote madogo kuanzia modeli za mwaka huo. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS na jarida la Consumer Reports hutoa orodha ya magari yaliyotumika yanayowafaa vijana, na mtaipata bure. Houston inafurika, kwa hiyo namba ya VIN, yaani ya chesisi, ipitisheni kwenye VINCheck ya NICB, taasisi ya huko ya kupambana na ulaghai wa bima, nayo ni bure, muone kama kampuni ya bima iliwahi kulihesabu gari hilo kuwa limekufa. Na mkumbusheni Baraka sheria ya leseni yake: mpaka afikishe miaka 18 haruhusiwi kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri bila sababu kama kazi, shule au dharura, na nje ya familia asibebe zaidi ya mmoja aliye chini ya miaka 21.

Mwanangu anasema gari litajilipia lenyewe, atabeba abiria wa Bolt jioni baada ya masomo. – Mzazi wa Dodoma

Nia yake ni nzuri, lakini bima ya gari binafsi haifuniki gari linalobeba abiria wa kulipa, hata kwa safari moja. Ikitokea ajali abiria akiwa ndani, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa. Kama amedhamiria kweli, bima ibadilishwe kuwa ya biashara, aombe leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na hesabu ya faida ipigwe upya baada ya gharama hizo. Mpe kalamu na karatasi aipige mwenyewe, akiweka na mafuta, tairi na eksesi ya dereva mchanga.