Maswali yenu: mwongozo wa mfumo uandikweje?

Kituo chetu cha afya kinatuma ripoti kwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Tuna karani mpya na muuguzi mzoefu. Niandike miongozo miwili, wa wageni na wa wajuzi? (Koboko)

Hapana, ndugu yangu. Ugeni haukai kwa mtu, unakaa kwenye kazi. Muuguzi huyo anajaza HMIS 105, ile fomu ya ripoti ya mwezi, akiwa amefumba macho, lakini mwambie achore chati ya miezi sita uone atakavyohangaika. Gawanya kwa kazi: karatasi moja ya kuingiza ripoti ya mwezi, nyingine ya kusahihisha tarakimu iliyokosewa. Maana ya kila kisanduku iweke nyuma kabisa, atakayeihitaji ataifuata.

Miaka ya 1980, John Carroll na wenzake wa IBM waliona kwamba wanaojifunza kompyuta hawasomi kitabu kwa mpangilio. Wanaruka kurasa, wanabonyeza, wanakwama. Wakaandika mwongozo mfupi unaomwanzisha mtu kazini mapema na kumwonyesha namna ya kujinasua akikosea, na watu wakajifunza haraka zaidi. Miongozo mingi ninayoletewa imeandikwa kana kwamba hakuna anayekosea.

Nafundisha watu 30 wa SACCO. Wengine wamemaliza, wengine bado wanahangaika na nenosiri. (Masaka)

Waketi wawili wawili, mzoefu na mgeni, ila kipanya akishike mgeni. Usilegeze hapo, maana mzoefu hana subira, atamnyang'anya. Waliomaliza usiwaongezee hotuba. Wape orodha ya mikopo uliyoipachika makosa makusudi, wayatafute. Iwe ya majaribio lakini, si akiba za wanachama! Nenosiri limalizeni siku moja kabla. Mimi lilishanila saa nzima, na lilipokubali umeme ukakatika.

Kiswahili, Kiluganda au Kiingereza? (Arua)

Lugha ambayo wafanyakazi wako wanaulizana wakikwama. Ila kitufe kikiandikwa "Save" kwenye skrini, nawe andika "Save". Ukiandika "Hifadhi", mtu atakitafuta mpaka jioni.

Bosi anataka video tu. (Jinja)

Video fupi, kazi moja kila video, sawa. Lakini bando ni pesa, na kitufe kikihamishwa utarekodi upya. Karatasi ya ukutani unaisahihisha kwa kalamu.