Kabla ya kusaini udhamini ukiwa mwanariadha wa chuo Marekani

Kwa vijana wetu wanaokimbia katika vyuo vya Marekani, na wazazi wanaowapigia simu kutoka Eldoret na Iten: usisaini mkataba wowote wa udhamini kabla ya kupita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Kocha na wakala watasubiri.

Nimeyajua haya kwa kumsaidia mpwa wangu, anayesoma huko kwa ufadhili wa riadha. Kabla ya Julai 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilimkataza mwanafunzi kulipwa kwa jina, picha au sura yake. Mkimbiaji wetu Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, akaondoka 2017 bila kuruhusiwa kutangaza hata kiatu. Leo ruhusa ipo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanariadha moja kwa moja.

Kwetu tatizo ni viza. Ukiingia kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, unaruhusiwa kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Zaidi ya hapo unahitaji kibali. NCAA ikikuruhusu, watu wa uhamiaji bado hawajakuruhusu. Kupigwa picha za tangazo, kuposti kinywaji cha kampuni Instagram kwa malipo, kusaini fulana dukani: yote hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na kazi bila kibali inaweza kukuvunjia masomo. Mwenzako Mmarekani, mnayelala chumba kimoja na kukimbia mbio zilezile, anayafanya bila wasiwasi. Naona ni dhuluma, lakini usimuige.

Njia halali zipo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, na mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, alikuwa Chuo Kikuu cha Kentucky kwa viza ya masomo. Timu yake ilipokwenda Bahamas Agosti mwaka huo, alifanyia kazi za wadhamini hukohuko, nje ya ardhi ya Marekani. Mpwa wangu naye alipigwa picha zake akiwa Kenya likizoni, baada ya mwanasheria wa uhamiaji kuupitia mpango mzima. Usiruke hatua hiyo ya mwanasheria, kwa sababu hali ya kila mtu ni tofauti.

Halafu soma mkataba mpaka mwisho. Ule wa mpwa wangu, wa kampuni ndogo ya vinywaji, ulitaja malipo ukurasa wa kwanza kwa herufi nene. Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, kampuni ilijipa haki ya kutumia picha zake milele, popote duniani. Tuliomba "milele" iwe mwaka mmoja, wakakubali bila ubishi. Angalia pia kama unakufungia kutangaza bidhaa nyingine, na kama unagongana na mkataba wa viatu wa timu yako. Wakala akitaka asilimia ya pesa utakazopata ukishakuwa mkimbiaji wa kulipwa, kataa hapohapo.

Ukiwa Daraja la Kwanza la NCAA (Division I), mkataba wa mdhamini wa nje wa dola 600 au zaidi lazima uripotiwe kwenye NIL Go, mfumo wa mtandaoni wa kukagua mikataba ya aina hii. Na unapoiuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, uliza kwa baruapepe, kisha uhifadhi jibu lao pamoja na I-20 yako, ile hati ya chuo inayothibitisha masomo yako kwa ajili ya viza.