Shikizi ya kitongojini kwetu

Wiki hii mmetuuliza: shule ndogo za vijijini ziendelee, au watoto wakusanywe kwenye shule moja kubwa yenye walimu wa kutosha? Mimi nasema ziendelee.

Kitongoji chetu kiko wilayani Kilindi, mkoani Tanga. Shule ya msingi ya kijiji iko ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto. Masika korongo likijaa, havuki mtu. Mdogo wangu wa kike alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 9, kwa sababu mama hakuthubutu kumtuma mtoto wa miaka 6 kwenye maji yale. Akakaa dawati moja na watoto waliomfika begani. Aliona haya mno, na alipofika la tano akaacha. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo ulipoitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kujenga shule shikizi, yaani tawi dogo la madarasa ya mwanzo lililo chini ya shule ya kijiji, ambayo ndiyo shule mama, kila nyumba ilitoka. Tulifyatua tofali, kina mama wakachota maji, boma likafika kwenye linta. Hapo tukakwama, maana bati na mbao zinataka fedha mkononi. Tulipaua kwa michango ya mavuno mawili. Mwaka 2021 Serikali ilipotangaza madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, na 3,000 kati yake yakawa ya vituo shikizi, nilifurahi kama nimejengewa mimi.

Wanaopinga husema: mwalimu mmoja, chumba kimoja, madarasa mawili. Ni kweli. Kwetu la kwanza wanatazama ubao wa mashariki, la pili wa magharibi, wamepeana migongo. Huku mwalimu anaandika hesabu, kule wanasoma silabi kwa sauti. Lakini mwalimu huyo anaijua nyumba ya kila mtoto. Mwanao asipoonekana siku mbili, jioni utasikia hodi. Kwenye shule ya watoto mia saba, nani atamfuata?

Mwanangu ameingia la tatu Januari hii, sasa anavuka kwenda shule mama. Ana miaka 8 na anasoma barua za bibi yake bila kukwama. Anayemsindikiza hadi korongoni ni shangazi yake, yule aliyeachia la tano.

Kinachotusumbua ni makazi ya mwalimu. Amepanga chumba mbali, na mvua ikinyesha anachelewa. Halmashauri ituongezee bati tu. Tanuri la tofali tumeshaliwasha.