Ile manowari ya Wareno chini ya Fort Jesus

Ndugu uliyeuliza kama meli iliyolala baharini chini ya Fort Jesus, ngome ya Wareno hapo Mombasa, ilizamishwa na mizinga ya Waomani: si moja kwa moja. Inaitwa Santo António de Taná, manowari ya matanga yenye mizinga 42. Na haikujengwa Ureno kama wengi wanavyodhani. Iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, ikashushwa majini 1681, kwa mbao za msaji, mti ambao hata mafundi wetu wa majahazi wanaujua kwa ugumu wake.

Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696, na ndani watu walikuwa wanakufa kwa njaa na maradhi. Meli ikatumwa kutoka Goa, koloni la Wareno huko India, kupeleka msaada. Oktoba 1697, katikati ya mapigano, kamba zake zilikatika, ikachukuliwa na maji, usukani ukaharibika, mwisho ikazama hapo hapo mbele ya ngome ambayo meli ilikuja kuiokoa! Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Wapiga mbizi wa Mombasa ndio walioigundua miaka ya 1960. Uchimbaji chini ya maji ukafanyika 1977 hadi 1980, Makumbusho ya Kenya wakishirikiana na wataalamu wa akiolojia ya baharini kutoka nje. Kiunzi cha meli hakikutolewa, kilipimwa na kuachwa chini. Vitu vilivyoopolewa unaweza kuviona kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Ukienda, usiishie kupiga picha ukutani tu.